Safu ya Nne

Chumba cha mashine kilikuwa nyuma kabisa ya ofisi, kati ya choo cha wafanyakazi na stoo ya karatasi, na kilikuwa na baridi kama friji la bucha. Mlango wake wa chuma ulipakwa rangi ya kijivu, na rangi yenyewe ilikuwa imebanduka pale ambapo kiganja cha mtu husukuma kila siku. Ndani mlikuwa na kabati refu lenye taa za kijani zinazokonyeza, meza ndogo, kiti kimoja cha kuzunguka, kingine cha plastiki, na sweta la kahawia lililotundikwa kwenye msumari. Sweta lilikuwa la Bwana Funguo, mtunza mashine wa kampuni. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu ya rundo la funguo alilolifunga kiunoni, likimtangaza kabla mwenyewe hajafika.

Inspekta aliingia, akavitazama viti vyote viwili, akakalia kile cha kuzunguka bila kuomba ruhusa.

"Hicho ni changu, mama," Bwana Funguo alisema.

"Ndiyo maana nimekipenda. Kimeshaizoea kazi."

Koplo alicheka. Alikuwa mtu mnene, mwenye mashavu ya kucheka hata akiwa amekasirika, na kwa kuwa hakuviamini viti vya plastiki, alibaki amesimama mlangoni akiwa ameuziba wote.

Kikosini Inspekta aliitwa Bi Taratibu. Waliolianzisha jina hilo walikusudia kumcheka, maana pale ambapo wenzake walimaliza kazi kabla ya chai, yeye alikuwa bado anasoma. Siku hizi walionicheka, alikuwa akisema, ndio wanaoniletea kesi zao. Kila kesi ya mkoa ule iliyokuwa na kompyuta ndani yake ilipita mikononi mwake, naye hakuona sababu ya kujifanya hajui kwamba anajua. Alivaa suti ya kijani iliyopigwa pasi ikasimama, na miwani yenye mnyororo.

Kesi ya leo ilikuwa hivi. Wiki iliyopita, ngazi ya nje ya zahanati mpya ilikatika katikati na kuanguka siku chache baada ya ufunguzi. Muuguzi mmoja alikuwa bado kitandani, hajui kama atatembea tena. Mhandisi msaidizi wa kampuni, aliyekuwa amekwenda kukagua nyufa, alivunjika mguu. Kwenye kifusi zilikutwa nondo za milimita kumi pale palipotakiwa nondo za kumi na sita. Mkandarasi akaapa kwamba alisuka nondo alizoambiwa. Nakala yake ya karatasi ilikuwa imepotea siku ileile ya ajali, ikabaki ile ramani iliyo ndani ya mashine. Ilipofunguliwa, kweli: nondo za kumi, na pembeni jina la mchora ramani wa kampuni, binti wa fundi mwashi mmoja mstaafu.

Binti huyo sasa alikuwa kituoni, ameketi kwenye benchi pamoja na baba yake. Alasiri jalada lilipaswa kwenda kwa mwendesha mashtaka. Wakili wa kampuni alikuwa amemwachia karatasi: akikiri uzembe na kutia sahihi, kampuni itamwombea asiende jela. Ataacha tu kuchora ramani maisha yake yote. Binti alikuwa ameisoma mpaka mwisho, akairudisha mezani.

"Nilichora kumi na sita," alisema. "Siwezi kukiri kazi ambayo si ya mkono wangu."

Ndivyo Inspekta alivyokuja hapa asubuhi hii.

"Nifungulie," alimwambia Bwana Funguo. "Sitaki madirisha wala vijipicha. Nipe skrini nyeusi."

Bwana Funguo akamtazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayemtambua wa kwao. Akainama juu ya bega lake, akagonga vidole viwili vitatu, skrini ikawa nyeusi tii, na kijistari cheupe kikaanza kupepesa pembeni.

"Koplo, sogea uone."

"Mimi kwangu nikiwasha kompyuta naona folda za njano, basi," Koplo alisema.

"Folda za njano ni sebule. Mgeni anaonyeshwa makochi. Hapa tumeingia jikoni."

Akaingia kwenye folda ya zahanati. Kisha akaandika herufi mbili, l na s, akaacha nafasi, akaweka kistari na herufi l nyingine. Akabonyeza. Mistari ikashuka kutoka juu hadi chini, imejipanga kwa safu, kila faili na mstari wake.

"Herufi mbili tu hizo?" Koplo aliuliza.

"Mbili na kistari chake. Unaiambia mashine: nitajie ulichonacho, na habari za kila kimoja. Safu ya kwanza hii ni ruhusa, nani asome na nani aandike. Ya pili tuiache. Ya tatu mwenye faili. Ya nne kundi lake. Halafu ukubwa, tarehe lilipoandikwa mara ya mwisho, na jina."

Koplo akakodoa macho, akauweka mdomo wazi kama anayesoma bei dukani. Akaipata ramani ya ngazi. "Mwenye faili: mchoraji. Tarehe: miezi miwili nyuma. Ndiyo kipindi ambacho yule binti alikuwa akiichora zahanati, mwenyewe kakubali." Akajinyoosha. "Jina lake, tarehe yake. Bi Taratibu, tukanywe chai."

"Chai haitoroki. Tazama safu ya kwanza. Hakuna anayeruhusiwa kuandika, hata mwenyewe. Nani alizifunga ramani hizi?"

"Mimi," Bwana Funguo alisema, upesi kidogo.

"Lini?"

"Kesho yake baada ya ajali, alasiri. Mkuu aliamuru. Alisema tufunge kila kitu ushahidi usije ukachezewa."

Mkuu alikuwa mhandisi mkuu wa kampuni, aliyewapokea asubuhi ile kwa mikono miwili na kuwaletea maji ya chupa.

"Amri nzuri," Inspekta alisema. "Ina akili."

Akaandika tena ile amri, safari hii akaongeza maneno ya kuitaka mashine itaje tarehe nyingine. Orodha ikashuka upya. Mafaili yote, kuanzia ramani ya msingi mpaka ya paa, yalikuwa na tarehe moja: kesho yake baada ya ajali, alasiri.

"Haya ni mambo gani?" Koplo aliuliza.

"Tarehe ya kwanza tuliyoiona, mtu yeyote mwenye ruhusa anaweza kuibadilisha. Ukitaka faili lionekane la mwaka juzi, unaliandikia mwaka juzi, nalo linanyamaza. Hii ya pili huiandiki wewe, inaandikwa na mashine yenyewe kila faili linapoguswa. Ingeniambia ni lini ramani ya ngazi iliguswa mara ya mwisho. Lakini kubadilisha ruhusa nako ni kugusa. Zilipofungwa zote kwa pamoja, zote zikapata tarehe moja."

"Yaani mtu kapita uani, halafu kafagia uani kote."

"Kafagia vizuri. Nampongeza." Inspekta akavua miwani, akaifuta kwa pindo la suti, akaivaa. "Bwana Funguo, macho yako ni mazuri kuliko yangu. Nisomee safu ya nne. Anza juu, usiruke."

"Safu ya nne?"

"Ya kundi. Kwa sauti."

Bwana Funguo akavuta pumzi. "Wachoraji," alisoma, kidole kikishuka. "Wachoraji. Wachoraji. Wachoraji. Wachoraji. Wa..." Kidole kikasimama. Kikarudi juu mstari mmoja, kikashuka tena.

"Endelea, baba."

"Wahandisi."

"Ni faili gani hilo?"

"Ngazi ya nje."

Mashine ziliendelea kuvuma. Koplo akautoa mwili wake mlangoni, akaja mpaka mezani.

"Nieleze mimi niliyezoea sebule," alisema.

"Faili likizaliwa," Inspekta alisema, "mashine inalibandika jina la aliyelizaa, na inalibandika kundi lake. Mchora ramani akichora, mwenye faili ni yeye, na kundi ni wachoraji. Mhandisi akilihifadhi kutoka kwenye kompyuta yake, mwenye faili ni mhandisi, kundi wahandisi. Hapa mwenye faili ni mchoraji, na kundi ni la wahandisi. Kichwa cha huku, kiwiliwili cha kule."

"Labda kosa la zamani," Bwana Funguo alisema.

"Labda. Kwa hiyo tuulize umri."

Akaandika ile amri mara ya tatu, polepole, herufi kwa herufi, akaitaka sasa tarehe ya kuzaliwa. Mistari ikashuka. Ramani ya msingi: miezi mitatu nyuma. Kuta: miezi mitatu. Paa: miezi miwili. Madirisha, milango, choo cha wagonjwa, zote zilifuatana kama watoto wa nyumba moja. Ngazi ya nje: kesho yake baada ya ajali, alasiri, kabla tu ya kufungwa.

Koplo alipiga mluzi. "Ngazi imeanguka leo, ramani yake imezaliwa kesho! Na ilivyojitia mtu mzima pale mwanzo! Kumbe ndiye kitinda mimba wa ukoo mzima."

"Ukihifadhi ramani kutoka kwenye kompyuta nyingine," Inspekta alisema, "mara nyingi ile ya kwanza inatupwa na mpya inazaliwa mahali pake, kwa jina lilelile. Unaweza kuibadilishia tarehe ya kuandikwa. Ya kuzaliwa haishikiki kirahisi, na wengi hawajui kama ipo." Akakizungusha kiti, akawa uso kwa uso na Bwana Funguo. "Sasa, baba. Kubadilisha mwenye faili si kazi ya kila mtu. Nani anaweza?"

"Mwenye neno la siri la mtawala wa mashine."

"Nani analo?"

Bwana Funguo akashika rundo lake kiunoni, likanyamaza. "Mimi."

"Mwingine?"

"Mimi peke yangu."

"Na wewe ndiye uliyezifunga."

"Ndiyo."

"Alasiri hiyohiyo."

"Ndiyo, mama."

Koplo akaweka mkono wake mzito juu ya bega lake. "Basi wewe ndiye mgeni wetu. Vaa sweta lako, kituoni nako kuna baridi."

Bwana Funguo hakuligusa sweta. Ndani ya baridi ile, paji la uso wake lilikuwa limelowa jasho. Alikaza taya, akatazama ukutani, kama mtu aliyeamua kubeba gunia mpaka mwisho wa safari.

Inspekta alimwacha hivyo. Kisha akairudia skrini, akawa anatikisa kichwa.

"Ninachosikitika, Koplo, ni kazi yenyewe. Tazama uchafu huu. Mtu anabadilisha mwenye faili, anasahau kundi. Anaacha bendera inapepea safu ya nne. Niliambiwa hapa kuna fundi. Nilikuja kwa adabu zote. Kumbe ni fundi wa kubahatisha, amejifunza kwa kuchungulia."

"Usiseme hivyo, mama."

"Nisemeje? Kazi ni yako, umekiri mwenyewe. Nitaiandika kwenye ripoti: aliyefanya hivi hajui hata kuandika amri moja ikatimia."

"Hiyo si kazi yangu!"

Bwana Funguo alikuwa amesimama. Koplo aliuondoa mkono wake begani kama aliyeshika sufuria ya moto.

"Mimi?" Bwana Funguo alisema. "Mimi niandike mwenye bila kundi? Hebu nipishe." Akaivuta kibodi, akapiga amri moja baada ya nyingine, skrini ikajaa, ikafutika, ikajaa. "Hii folda ya shule. Soma! Hii ya soko. Soma! Hii ya hosteli. Kila faili lililopita mkononi mwangu tangu mashine hizi ziingie humu ndani, nikibadilisha mwenye, nabadilisha na kundi, hapohapo, kwa amri moja, nukta mbili katikati. Kwangu mimi vinakwenda pamoja kama jina na ubini. Siwezi kuandika kimoja. Hata nikiwa na malaria siwezi! Tafuta humu ndani, mama, tafuta mpaka kesho. Ukiona pengine palipoharibika namna hii, nikate mkono."

Inspekta alisoma folda ya shule. Akasoma ya soko. Akasoma ya hosteli, mstari kwa mstari, mpaka chini. Koplo, aliyemjua, akakaa hatimaye kwenye kile kiti cha plastiki, kikalia kwa uzito.

"Safi," Inspekta alisema alipomaliza. "Nimekagua mashine za ofisi nyingi, za serikali na za watu binafsi. Sijaona iliyotunzwa hivi."

Bwana Funguo alifuta uso kwa kiganja.

"Basi uchafu ule ni wa mkono wa nani?"

Bwana Funguo akakaa juu ya ukingo wa meza, mabega yakashuka.

"Sheria ya hapa, ukitoa neno la siri, unafukuzwa siku hiyohiyo. Nina watoto wanne, na mama yangu mzazi yuko kwangu."

"Nani aliliomba?"

"Mkuu. Kesho yake baada ya ajali, mchana. Alisema nikimbie zahanati nikaokoe kompyuta za chumba kilicho kando ya ngazi, vumbi lisije likaziua. Ramani, akasema, atazifunga mwenyewe, nimwandikie neno la siri tu. Niliporudi jioni zilikuwa zimefungwa. Akaniambia, kama wakiuliza, sema wewe. Nikaona ni jambo dogo. Amri ni yake, mashine ni ya kampuni."

"Nani alikuona zahanati?"

"Mlinzi. Nilimwachia namba yangu ya simu. Na muuguzi mkuu, ndiye aliyenisaidia kubeba."

Inspekta alimtazama Koplo. Koplo akatoka na simu sikioni.

"Swali la mwisho. Nakala za akiba?"

"Mkuu alisema nizifute, nafasi imejaa."

"Ukazifuta?"

Hapo Bwana Funguo aliinua kichwa, na ule uso wa mtu wa gunia ukamtoka wote.

"Mama," alisema, "nifute akiba? Mimi?"

Akachagua ufunguo mmoja mdogo katika rundo, akafungua droo ya chini ya kabati, akatoa kisanduku cheusi kilichofungwa kwenye taulo safi, akakichomeka. Inspekta akaandika herufi zake mbili na kistari. Ngazi ya nje: mwenye faili, mchoraji. Kundi, wachoraji. Ukubwa tofauti na wa ile nyingine. Wakaifungua. Pembeni mwa kila kidato, kwa maandishi madogo yaliyonyooka, mchora ramani alikuwa ameandika: nondo za kumi na sita.

Koplo akarudi. "Mlinzi anamkumbuka. Anasema alasiri nzima jamaa yuko pale, anafuta kompyuta kwa shati lake. Na muuguzi mkuu anasema hivyohivyo."

"Wahandisi wa kampuni hii ni wangapi?"

"Wawili," Bwana Funguo alisema. "Mkuu na msaidizi wake."

"Msaidizi alasiri ile alikuwa wapi?"

"Hospitali, anafungwa bandeji ngumu ya mguu," Koplo alisema. "Nilimhoji mwenyewe."

Inspekta akainuka, akakirudisha kiti cha kuzunguka mahali pake, akakipangusa.

* * *

Ofisi ya Mkuu ilikuwa na zulia, kiyoyozi, na mifano midogo ya majengo yaliyokwisha kujengwa, kila mmoja ndani ya kioo chake. Wa zahanati ulikuwa umeondolewa. Alama yake ya mraba ilibaki kwenye rafu, safi kuliko sehemu nyingine.

"Inspekta! Mmepata mnachotafuta?" Mkuu alisema. "Mimi roho inaniuma. Yule binti nilimpokea mwenyewe, ni kama mwanangu. Ndiyo maana nimemwambia wakili amsaidie."

"Tumeona. Wewe uliikagua ramani ya ngazi kabla haijaenda kwa mkandarasi?"

"Nilimwamini. Ndilo kosa langu, kuamini watu."

"Na baada ya ajali? Uliigusa?"

"Niliifungua, nikaitazama. Nani asingeitazama?"

"Kuihifadhi upya?"

"Hapana."

"Kubadilisha jina la mwenye faili?"

Mkuu alicheka. "Inspekta, mimi ni mtu wa saruji na chuma. Mambo ya mashine muulize Funguo. Hata neno lake la siri silijui."

"Zilifungwa na nani?"

"Na yeye."

"Alasiri ile?"

"Alasiri ile. Nilikuwa hapahapa, nilimwona akiingia kwenye kile chumba chake."

Koplo alikuwa anaandika. Alipomaliza aliinua macho. "Ulimwona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu."

"Basi una macho marefu, mzee. Alikuwa zahanati, anashika kompyuta upande huu na muuguzi mkuu upande ule."

Mkuu alinyoosha mkono kuchukua chupa ya maji, akaiacha.

Inspekta akaweka mezani karatasi mbili alizozichapisha, moja juu, moja chini. "Hii ni orodha ya mashine. Hii ni orodha ya akiba, ile uliyosema ifutwe. Faili ni moja, jina ni moja. Katika akiba limo kama alivyolichora. Katika mashine limezaliwa kesho yake baada ya ngazi kuanguka, na limezaliwa na mhandisi. Mlikuwa wahandisi wawili, na mmoja alikuwa amelala hospitali na mguu wake juu. Ulikumbuka tarehe. Ulikumbuka mwenye faili. Ukakumbuka hata kufagia. Safu ya nne hukuitazama."

Mkuu alizitazama karatasi kwa muda mrefu. Alisoma kama anavyosoma mtu wa kazi yake, kwa kufuata safu.

"Nondo nene zilichelewa," alisema mwishowe. "Tarehe ya ufunguzi ilikuwa imeshatangazwa, wageni wamealikwa. Nikamwambia mkandarasi asuke zilizopo, tutaziongezea nguvu baadaye. Ingeshika. Kwa hesabu zangu ingeshika miezi."

"Na yule binti?"

"Bado mdogo. Angeomba radhi, watu wangemhurumia. Mimi nisingehurumiwa na mtu."

"Hataki huruma," Inspekta alisema. "Ndipo ulipokosea hesabu. Simama, Mkuu. Koplo atakubebea koti."

* * *

Kituoni binti alikuwa palepale kwenye benchi. Karatasi ya wakili ilikuwa mezani mbele yake, kalamu juu yake. Baba yake, mzee mwembamba mwenye mikono mikubwa iliyokaushwa na saruji ya miaka mingi, alikuwa anamsemesha kwa sauti ya chini.

"Tia sahihi, mama," alikuwa akisema. "Tia, twende zetu. Kazi zipo nyingi duniani. Jela siyo mahali pako."

"Baba, nimekwisha sema."

Inspekta alisimama mbele yao. Wote wawili wakainuka. Mzee akavua kofia.

Binti hakuuliza kama anaachiwa. Aliuliza, "Umeiona?"

"Nimeiona."

"Kumi na sita?"

"Kumi na sita, kila kidato. Na umeandika pembeni kwa herufi zilizonyooka hata mtu wa miwani kama mimi anasoma."

"Na nafasi kati ya nondo na nondo?"

"Sikuipima, mwanangu. Lakini tutaipeleka mahakamani, watapima mbele ya kila mtu. Utakuja kama shahidi. Aliyeibadilisha ameshakiri, yuko chumba cha pili na Koplo."

Binti aliitikia kwa kichwa, mara moja. Akaichukua ile karatasi ya wakili, akaipasua katikati, akazilaza nusu mbili juu ya meza, kwa adabu, moja ikiwa sambamba na nyingine.

"Na yule muuguzi?" aliuliza.

"Madaktari wanasema ameanza kusikia vidole vya miguu."

Binti alifumba macho kidogo, akayafungua. Mzee alikuwa bado ameshika kofia, anaizungusha ukingo kwa vidole.

"Mwanangu," alisema, "mimi nilikuambia utie sahihi."

"Uliniogopea, Baba."

"Nilikuogopea. Lakini nilikuambia." Alitazama sakafu, halafu akamtazama Inspekta, kama anayetaka shahidi. "Nimejenga nyumba za watu tangu sijaota ndevu. Huyu alikuwa ananishikia timazi akiwa hajafika hata kimo cha toroli. Sikujua kama nimejenga kitu kigumu hivi."

"Mimi nilikijua tangu asubuhi," Inspekta alisema. "Nendeni mkapumzike."

"Twende nyumbani, Baba. Sijaoga."

Mzee akavaa kofia, akaiweka sawa kwa mikono yote miwili. "Nyumbani baadaye. Tupitie kwanza zahanati. Mafundi wote wako pale wanazoa kifusi, na wiki nzima nikipita wanajifanya wanatafuta msumari chini. Leo nataka waniangalie."

"Na nguo hizi? Nimelala nazo."

"Nguo hizohizo."

Askari wa mapokezi akawafungulia mlango. Jua la alasiri lilikuwa limejaa barabarani. Binti alisimama kumsubiri baba yake atangulie, kama alivyozoea tangu utotoni, lakini mzee hakutangulia. Alijisogeza pembeni, akaupisha mlango wote.

"Pita mbele," alisema. "Mimi nitakuja nyuma yako."